Neno la Kushukia

Watu wengi hudhani kazi ya kusafisha kisima ni ya yule anayeshuka. Ndiye anayerudi juu na tope hadi masikioni, ndiye anayepewa maji ya kunywa kwanza, ndiye ambaye watoto wa nyumba humzunguka kumuuliza kama huko chini kuna nyoka. Yule aliyesimama juu na kamba mkononi, nani ana habari naye? Utafikiri alikuja kumsindikiza mwenzake. Lakini muulize anayeshuka mwenyewe. Atakuambia kwamba ukishafika chini, baada ya Mungu ni yule mshika kamba, na kuna siku unawachanganya.

Mshika kamba wa habari hii aliitwa Ushuhuda. Si padri aliyempa jina hilo. Alipewa na watu wa jumuiya yao ya sala, na kisa chake ni hiki. Zamani alikuwa mlevi, tena si wale walevi wa kujificha. Alikuwa mlevi wa kuimba njiani. Alipata kugonga mlango wa jirani akimwita mkewe amfungulie, na jirani alipotoka, yeye ndiye akamuuliza kwa ukali, "Wewe unafanya nini nyumbani kwangu?" Siku alipoacha, alisimama katika sala za Jumamosi akaeleza yote hayo bila kuficha hata moja, kwa kirefu, mpaka chai ikapoa vikombeni. Watu walicheka, wakalia, wakapiga makofi. Kuanzia hapo akawa Ushuhuda. Mwanzoni lilikuwa jina la utani na yeye mwenyewe alilichekea, lakini majina ya utani nayo hukua. Kina mama wakaanza kumletea majina ya waume zao awaombee. Mwenyekiti wa jumuiya, mama mmoja mshonaji asiyependa mchezo, akamkabidhi sala ya kufunga kila Jumamosi.

Mkewe alikuwa dobi. Alifua uani na kupiga pasi chumba cha mbele, mlango ukiwa wazi na pazia limefungwa fundo ili mvuke utoke. Siku ile ya ushuhuda yeye hakupiga makofi. Alisubiri wafike nyumbani, akasema kwa sauti ya kawaida huku anakunja shuka la mteja: "Mimi nimefurahi, baba watoto. Lakini binadamu ni binadamu. Ukianguka tena, uniambie kwa mdomo wako. Tutaanza upya. Ila nikija kujua kwa pua yangu, siku hiyohiyo nachukua watoto nakwenda kwa mama, na usinifuate." Ushuhuda aliapa. Aliapa haraka sana, kama wanavyoapa watu ambao bado wananukia makofi.

Anayeshuka kisimani alikuwa shemeji yake, mdogo wake mkewe, mtu mwembamba kama mti wa ufagio na mdomo usiochoka. Walianza kazi pamoja tangu Ushuhuda alipoacha pombe, maana kabla ya hapo nani angemkabidhi kamba? Shemeji alishuka kwa vidato, yale matundu yaliyochongwa ukutani mwa kisima, na kamba ilikuwa kiunoni kwa ajili ya siku ambayo mguu ungekosa kidato. Juu, kamba ilizungushwa kwenye gogo lililolazwa mdomoni mwa kisima, na ncha yake ikaishia viganjani mwa Ushuhuda.

Walikuwa na desturi yao, ambayo Ushuhuda aliirithi kwa marehemu baba yake pamoja na gogo lile. Kabla ya kushuka, mshika kamba alisali Baba Yetu kwa sauti. Anayeshuka alisimama ukingoni, akainua mguu mmoja, akasubiri. Sala ilipofika pale mwishoni, kwenye "lakini utuopoe maovuni," hapo kwenye utuopoe ndipo alipouachia uzito wake kwenye kamba. Hakuna "tayari?", hakuna "twende." Neno la kushukia lilikuwa hilo. Baba yake alikuwa akisema kwamba sala hii imeandikwa na mtu aliyejua visima. Majirani zao wa kanisa la pili, wanaosali utuokoe, aliwatania bila kuchoka: mtu anaweza kuokolewa akiwa amesimama nchi kavu na viatu vyake safi, lakini ukisikia mtu ameopolewa, ujue alikuwa amezama. Shemeji naye alikuwa na mzaha wake. Alisema neno hilo analiheshimu kwa sababu hata mkewe alimpata kwa kumwopoa, na laiti angejua uzito wake angeleta kamba nene zaidi.

Basi, Ushuhuda alianguka.

Alianguka siku ya Jumanne isiyo na lolote, na hilo ndilo lililomuumiza kuliko yote. Laiti angekuwa amefiwa, au amegombana na mkewe, au mtoto anaumwa, angekuwa na kitu cha kumweleza Mungu. Walikuwa wamesafisha kisima nyuma ya baa moja. Shemeji alitangulia kwenda kuoga. Mwenye baa akatokea na bilauri juu ya sinia akasema, "Fundi, karibu," kama anavyomwambia kila mtu, bila kumshawishi wala kumbembeleza. Na Ushuhuda akapokea. Baadaye alitafuta sababu kwa bidii kama mtu aliyepoteza ufunguo, akapekua mabega yaliyokuwa yakiuma, mawingu, uchovu, maneno ya mkewe ya wiki iliyopita kuhusu paa. Hakuna iliyosimama. Alikunywa kwa sababu bilauri ilikuwa karibu na mkono.

Mtu angetegemea akimbie nyumbani akaseme. Mdomo alikuwa nao, na mkewe alishamwekea mlango wazi: niambie, tutaanza upya. Lakini alipofika alimkuta anapiga pasi kanzu ya kwaya huku anaimba, na mwenyekiti wa jumuiya ameketi kwenye kigoda akimsubiri yeye, Ushuhuda, amwombee mpwa wake aliyeshindikana kwa ulevi. Akamwombea. Alisimama mbali nao kidogo, akaelekeza uso dirishani, akaomba kwa ufupi. Mwenyekiti alisema siku hizi Ushuhuda ana unyenyekevu mkubwa hata kumtazama mtu usoni hawezi.

Tangu hapo ikawa chupa ndogo ndani ya kiatu cha mpira kibovu, kile cha kushoto, ambacho hakuna aliyekuwa na haja nacho. Na kwa ajili ya pua ya mkewe ikawa tangawizi. Alitafuna tangawizi mbichi asubuhi, mchana, na kabla ya kuingia ndani. La kuvunda halina ubani, wanasema, lakini ile tangawizi ilijitahidi. Shemeji alimtania kwamba anatafuna kama mbuzi wa sadaka. Mkewe alidhani sala zinamharibu koo, akaanza kumchemshia maji na asali kila jioni, akampa kikombe kwa mikono miwili. Ushuhuda alikunywa asali ile akitamani imnyonge.

Msidhani aliacha kusali. Alisali kuliko wakati wowote wa maisha yake. Alisali akifunga viatu, akivuta maji, akipanga ndoo. Bwana, hii ni ya mwisho. Bwana, nipitishe leo tu. Alimwahidi Mungu kama mpangaji anavyomwahidi mwenye nyumba, kila siku kesho. Na jambo la ajabu, alikuwa anamaanisha. Kila mara alimaanisha kabisa, mpaka machozi, na machozi yakikauka mkono ulikuwa umeshaingia ndani ya kiatu. Mara nyingine alijiuliza kama Mungu naye hujua mambo kwa pua.

Kisha mikono ikaanza kutetemeka. Asubuhi, kabla ya kugusa chupa, vidole vilicheza vyenyewe kwenye kikombe cha chai. Mshika kamba mwenye mikono ya kutetemeka ni sawa na kinyozi mwenye kifafa. Akagundua kwamba akipiga mafunda mawili, vidole vinatulia. Hapo ndipo shetani alipopata hoja nzuri kuliko zote, hoja ya upendo kabisa: kunywa kidogo, si kwa ajili yako, kwa ajili ya usalama wa shemeji yako.

Kwa hoja hiyo akashika kamba akiwa amelewa, kwenye kisima cha mwalimu mmoja mstaafu. Si kulewa kwa kuyumba. Mikono ilikuwa imara kama ya mtu mzima kabisa, ila akili ilikuwa inafika kidogo baada ya mikono. Shemeji alikuwa njiani kupanda, akakikosa kidato. Kamba ilikaza ghafla, na viganja vya Ushuhuda, vilivyotakiwa kufumba papo hapo, vilifumba baadaye kidogo. Kamba ikakimbia urefu wa mkono mzima. Akasikia mwili unagonga ukuta na sauti ya shemeji ikiita jina la Yesu, safari hii bila mzaha. Kisha akaishika.

Kuteleza si kuanguka, walisema wahenga. Sijui walisema hivyo wakiwa wamesimama wapi, lakini si juu ya kisima.

Shemeji alitoka na bega limechubuka, amejaa tope, anahema. Ushuhuda alikuwa ameshafungua mdomo. Namtetea hapo: alikuwa ameufungua. Lakini shemeji alimtangulia. "Nisamehe, shemeji," alisema. "Nilikanyaga ovyo. Nilikuwa nawaza upuuzi wangu, nimekutia hofu bure. Nisamehe sana."

Ushuhuda alimtazama. Akatazama viganja vyake vilivyoungua kwa kamba.

"Nimekusamehe," akasema.

Jumamosi, kwenye sala za jumuiya, nyumbani kwa mwenyekiti katikati ya cherehani na vipande vya vitambaa, shemeji aliomba kusimama. Akavuta kola kuonyesha bega. Akasimulia yote kwa mikono na kwa sauti, mguu ulivyokosa kidato, kiza cha chini, alivyojua amekwisha. "Na kamba ikakimbia, ndugu zangu! Lakini ikasimama. Mungu aliishika kwa mikono ya huyu hapa. Angekuwa mtu mwingine, mngekuwa mnanunua sanda." Watu wakapiga makofi. Mkewe Ushuhuda, ambaye siku ile nyingine hakupiga, leo alipiga, tena macho yamemjaa, maana ni ndugu yake na ni mumewe. Akauchukua mkono wa mumewe akaugeuza, akaona pale ngozi ilipoungua, akaufunika kwa kiganja chake.

Kisha mwenyekiti akasema, "Ushuhuda, tufungie."

Alisimama. Alisali Baba Yetu na watu wakamfuata. Alipofika kwenye kusamehe makosa, sauti ikakwaruza. Alipofika kwenye utuopoe, neno halikutoka. Alifungua mdomo na pakatoka kilio tu, kilio kibaya cha mtu mzima, chenye kamasi. Jumuiya nzima ikamalizia kwa niaba yake, na mama mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Roho ameshuka." Ushuhuda alisikia, akalia zaidi.

Jumapili hakugusa chupa. Alikwenda kanisani, akarudi, akaketi uani akitazama nguo za watu zikikauka kambani. Jasho lilimtoka, mkewe akadhani homa. Alikuwa amekata shauri: kesho Jumatatu, kisima cha zahanati, ataamka mapema, atasali, na atashika kamba akiwa mkavu hata kama meno yanagongana.

Aliamka. Alipiga magoti kati ya kitanda na meza ya pasi, akasali vizuri, bila ahadi safari hii, akisema tu nisaidie, nisaidie. Kisha akainuka kufunga kamba za viatu, na vidole vikakataa. Alijaribu tena. Kamba ndogo ya kiatu ilimshinda, kitanzi kikimkwepa mara kwa mara. Akaitazama mikono yake ikicheza mbele ya macho yake, akaona bega la shemeji. Mikono hii ndiyo itakayoshika? Ile hoja nzuri ikarudi na kukaa karibu naye kwa heshima. Mafunda mawili. Kwa ajili yake.

Alipiga mafunda matatu, akafunga viatu bila shida.

Kisima cha zahanati kilikuwa nyuma ya jengo, karibu na mahali mashuka yalipoanikwa. Kilikuwa kirefu kuliko vyote walivyowahi kusafisha. Ukidondosha kokoto, ulikuwa na muda wa kufikiri kabla ya kuisikia. Muuguzi wa zamu, mama mwenye haraka, aliwaonyesha, akawaambia wagonjwa hawana maji ya kutosha tangu wiki iliyopita, akawaomba wafanye upesi, akarudi ndani. Kupitia dirishani walimsikia akimbembeleza mtoto akubali sindano.

Shemeji alifunga fundo lake, akalivuta, akalikagua tena. Bega lilikuwa bado linamuuma, unaweza kuona alivyoliinua kwa hadhari. Akachungulia chini, akapiga mluzi. "Hiki si kisima, shemeji, hiki ni njia ya kwenda kwa babu zetu," alisema. Akazungusha kamba kwenye gogo, akamkabidhi Ushuhuda ncha. Mikono ya Ushuhuda ilikuwa imetulia tuli. Shemeji aliitazama mikono ile akatabasamu.

"Unajua nilimwambia nini dada asubuhi?" alisema. "Nilimwambia, kisima hiki nisingeshuka na mtu mwingine yeyote."

Akasimama ukingoni, akampa mgongo, akainua mguu.

"Haya, sali."

Ushuhuda akaanza. Alisali taratibu. Ulimi ulikuwa mwepesi, maneno yakatoka kama yalivyotoka maelfu ya mara, mbinguni, ufalme, mkate. Akafika kwenye kusamehe, akakumbuka kwamba mwenzake huyu ameshamsamehe. Akafika kwenye kishawishi. Mguu wa shemeji ulikuwa hewani, kiatu cha mpira kikidondosha tope kavu, na mtu mzima mwenye mke mzito na mdomo usiochoka alikuwa amesimama juu ya shimo kwa mguu mmoja, akingojea neno moja.

"Lakini," alisema Ushuhuda.

Alilitafuta neno likawa halipo. Si kwamba alilisahau. Alikuwa analiona. Aliliona vizuri kuliko siku zote, na aliona kwamba akilitamka tu mtu atashuka, na aliyezama hasa hayuko chini, yuko juu, amesimama kwenye udongo mkavu, ameshika kamba.

"Lakini nini, shemeji?" Shemeji aliuliza bila kugeuka. "Mguu unakufa ganzi huku."

"Rudisha mguu."

"Nini?"

"Rudisha mguu chini. Simama mbali na kisima. Nimekunywa."

Shemeji aligeuka. Alicheka kidogo, kwa sababu alikuwa mtu wa kucheka kwanza na kuelewa baadaye. Kisha akamsogelea, akamnusa, na chini ya tangawizi akaipata. Cheko likamtoka usoni polepole. Alirudi nyuma hatua chache, akaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, bado amefungwa kamba kiunoni.

"Leo tu?"

"Si leo tu."

"Kwa mwalimu?"

"Kwa mwalimu pia."

Huko ndani mtoto alikuwa amedungwa sindano, analia kwa hasira. Shemeji alilishika bega lake.

"Na mimi nikakuomba msamaha," alisema.

"Uliniomba."

"Na wewe ukanisamehe."

Ushuhuda alitaka kusema chochote. Alipata neno moja tu, akalisema kwa kuwa ndiyo kweli. "Nikakusamehe."

Shemeji aliinuka, na kwa muda Ushuhuda alidhani atapigwa. Alitamani apigwe. Alikuwa na deni la kulipa, na ngumi ingelipunguza. Lakini shemeji alikwenda dirishani, akamwambia muuguzi kwamba kazi leo haitafanyika, kamba ina kasoro, atarudi kesho na mshikaji mwingine. Muuguzi alilalamika sana, na alikuwa na haki. Kisha shemeji akafungua fundo kiunoni mwake, akaja, akaizungusha kamba ile kiunoni mwa Ushuhuda, akafunga fundo lilelile alilofundishwa na Ushuhuda mwenyewe, akalivuta mpaka likauma.

"Tunakwenda kwa dada," alisema. "Hivi hivi. Ukitaka kukimbia, kimbia, tuone."

Wakaondoka hivyo, mchana kweupe, Ushuhuda mbele amefungwa kiunoni na shemeji nyuma ameshika kamba, kama mtu anayempeleka ng'ombe sokoni. Njiani watu walicheka. Fundi baiskeli akapaza sauti, "Ushuhuda! Leo umekamatwa kwa wizi gani?" Mwingine akataka kujua bei. Siku nyingine shemeji angejibu mpaka waombe poo, lakini leo hakujibu, na kunyamaza kwake ndiko kulikomchoma Ushuhuda kuliko vicheko vyote. Alitembea akitazama viatu vyake, vilivyofungwa vizuri.

"Shemeji," alisema walipokaribia. "Naomba—"

"Usiniombe. Sijakusamehe, na leo sitakusamehe, kwa hiyo usipoteze pumzi. Pumzi hiyo utaihitaji."

Pazia lilikuwa limefungwa fundo. Mvuke ulitoka mlangoni, na harufu ya nguo safi. Waliisikia pasi ikigonga mezani, ikiteleza, ikigonga. Mkewe alikuwa anaimba ule wimbo wa kwaya, akikosea mahali palepale anapokosea siku zote.

Ushuhuda alifika kizingitini akasimama. Alichungulia ndani kama alivyozoea kuona wateja wakichungulia visima vyao, wasitake kusogea zaidi. Ndani palikuwa na meza ya pasi, na kitanda, na viatu vya watoto vimepangwa chini ya kiti, na kile kikombe cha asali kimeoshwa kimefudikizwa dirishani kingojee jioni. Akawaza kwamba bado kuna nafasi ya kugeuka, kwamba tangawizi iko kinywani, kwamba angeweza kusema ni mzaha wa kazini. Mkewe angecheka. Angemchemshia asali.

Nyuma yake kamba ilikaza. Shemeji alikuwa ametanua miguu na kuishika kwa mikono miwili, bega bovu na bega zima, kama inavyoshikwa juu ya kisima ambacho mwisho wake haujulikani. Akaanza kusali. Alisali kwa sauti ya hasira, haraka, bila kuremba, jina, ufalme, mkate. Kwenye kusamehe alisimama kidogo, meno yakakwaruzana, akapita. Ndani, wimbo ukakatika na pasi ikanyamaza.

Ushuhuda alitoa tangawizi kinywani akaitupa uani. Akainua mguu mmoja.

"Lakini," alisema shemeji, akashusha pumzi, "utuopoe."

Ushuhuda akashuka ndani. Mkewe alikuwa ameinua uso, pasi mkononi, anamtazama yeye na kamba na ndugu yake huko nyuma, na alikuwa bado mbali naye, upande wa pili wa meza, mahali ambapo hakuna pua inayofika.

"Mama watoto," alisema, "nimekunywa."